Maji Niliyoyaacha Ndani ya Boila

Injini ya mvuke iliyokuwa ikiendesha kiwanda cha mkonge upande wa Kibwezi sasa iko chini ya paa la mabati kando ya soko la Kasikeu, na haitazunguka tena. Watu wakiniuliza kwa nini, nawaambia ni kutu. Sidanganyi. Ila kutu hiyo haikuja yenyewe. Niliikaribisha mimi, mwalimu mstaafu mwenye vyeti vyake ukutani.

Wengi wakisikia injini ya mvuke hufikiria treni. Yetu haikuwahi kwenda popote. Ilifungwa kwa bolti sakafuni, ikala kuni na kunywa maji papo hapo, na gurudumu lake, refu kuliko mlango wa nyumba yangu, lilizungusha mkanda mpana ulioendesha mashine za kuponda mkonge. Baba ndiye aliyekuwa akichochea moto. Kila likizo mama alinipeleka kwake, nami nikaketi juu ya rundo la kuni nikimtazama akiipangusa kwa kitambaa kama anayemwogesha mtoto. Niliionea wivu. Mimi hakuwahi kuniogesha.

Kiwanda kilifungwa, mwenye shamba akaondoka, vichaka vikaingia hadi ndani. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu, nikasikia kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wameanza kuizungukia. Nilienda kwa mwenye shamba mpya nikamsumbua hadi akachoka, akaniambia niichukue. Tukaunda kamati ya watu watatu: mimi, mzee mmoja wa kanisa letu, na fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni. Tukaisafirisha kwa trela hadi Kasikeu, karibu na nyumbani kwa Baba, tukaijengea kibanda, tukaisugua miezi na miezi. Kwenye barua ya kuiomba niliandika kwamba ni kwa ajili ya historia na vizazi vijavyo. Maneno matupu. Nilitaka Baba aione ikizunguka tena kabla hajafa, basi.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, Baba alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Hatukuweza kuahirisha, watu walikuwa wamekwisha kualikwa. Kilikuwa kiangazi kibaya. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na mtoni watu walichimba mchanga wakitafuta maji hadi mtu akiingia shimoni kichwa hakionekani. Maji ya kujaza boila, tangi la injini la kuchemshia maji, tuliyatoa kwenye kisima cha pampu, yale maji ya chumvi yasiyotoa hata povu la sabuni, yakaletwa na punda, mtungi baada ya mtungi. Akina mama wanaouza ndengu walisimama kututazama. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Ngai! Yaani chuma ndio inapewa maji, na sisi tuko kwa laini tangu asubuhi?"

Nilicheka ili nisilie. Lakini iliwaka. Moto mdogo tu, maana hatukuwa tumeita mkaguzi wa boila, na fundi aliogopa kuzidisha. Gurudumu lilizunguka kama robo saa, na hata yule mama wa ndengu akapiga vigelegele. Nilimpigia Baba simu nikaisogeza karibu na pistoni. Alisema hasikii kitu, ni upepo tu. Kisha akaniuliza, "Mwaitu, mmemaliza?" Huniita hivyo, mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Tunamaliza, Baba."

"Sasa nisikie. Ikiwa bado na joto, fungua koki ya chini umwage maji yote. Yote. Uache milango wazi ikauke ndani. Hiyo maji ya chumvi ikilala humo inakula chuma."

"Ndiyo, Baba."

Nikaenda kwenye koki, nikaishika. Kibanda chetu hakina kuta, na ng'ambo ya barabara niliiona ile laini ya mitungi ya njano ikingoja maji, na wenyewe wameketi juu yake. Nimelelewa na mama aliyetunawisha watoto sita kwa bakuli moja la maji, kisha akayamwagia mpapai. Alinichapa mara moja tu maishani mwangu, na kosa lilikuwa kumwaga maji. Nilijua vizuri kwamba maji ya boila yana mafuta na masizi, hata punda asingeyanywa. Lakini kuyafungulia mapipa sita yaende mchangani, mbele ya watu wenye kiu! Mkono ulikataa. Nikajiambia tutawasha tena mwezi ujao Baba akitoka, maji yatatufaa, ya nini kuyamwaga halafu tuyatafute tena? Mzee wa kanisa akasema ni busara. Fundi akaitikia. Watu wazima watatu, Wakamba watupu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa.

Mwezi ujao ulikuja ukapita. Baba alitoka hospitalini dhaifu. Shule zikasema hazileti watoto kuitazama bila cheti cha usalama, na mkaguzi wa boila hakupatikana. Mimi nikaenda Kyuso kumtunza binti yangu aliyejifungua, nikakaa huko kuliko nilivyopanga. Kila nilipoyakumbuka maji yale moyo ulishtuka, nikautuliza. Miaka miwili ikaisha hivyo.

Hatimaye mkaguzi alipatikana. Jana yake tuliongeza mitungi michache ya maji ili tuwashe mara tu akiridhika. Asubuhi Baba aliletwa amevaa koti lake la harusi za watu, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na gurudumu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini alinyoosha mkono akaligusa, akatabasamu. Sijamwona hivyo tangu mama afariki.

Mkaguzi alianza kugonga boila kwa nyundo ndogo. Juu ililia vizuri. Ubavuni ililia vizuri. Chini ikatoa sauti ya mbao, akagonga tena, na nyundo ikapenya. Hakutumia nguvu. Maji mekundu yakatoka kwa kasi, yakatapakaa hadi kwenye viatu vya Baba.

"Haya maji ni ya lini?" mkaguzi akauliza.

Nilikuwa na nafasi. Ningesema. Mzee wa kanisa aliangalia chini, fundi akageukia barabara.

"Tumejaza jana," nikasema.

Mkaguzi alinitazama. Maji ya siku moja hayanuki vile, naye alijua. Aliandika kwenye karatasi yake. Ila Baba aliniamini. Alikaa akifikiri, miguu ikiwa imelowa, kisha akasema, "Basi ni mimi. Kuna Jumamosi nilikuwa nakimbilia gari ya kuja nyumbani, nikaiacha bila kuimwaga maji. Nilifikiri hakuna mtu atajua." Akawageukia wageni akawaomba radhi, mmoja mmoja, kwa upole uliotaka kuniua.

Injini haiponi, boila ya kuifaa haitengenezwi tena, na fundi anasema kiraka hakishiki pale ambapo chuma kimebaki kama karatasi. Hilo nimelikubali. Nisiloweza kulikubali ni mimi mwenyewe. Kila siku nampelekea uji nikiwa nimejiandaa kusema, na kila siku narudi na kikombe tupu, sijasema. Sina matumaini tena kwamba nitasema.

Jumapili iliyopita, wakati wa ushuhuda, Baba alisimama kanisani akiishikilia benchi. Aliomba msamaha mbele ya washirika wote kwa kazi aliyoifanya kwa uzembe akiwa kijana, akasema Mungu amemwonyesha dhambi hiyo kabla hajamwita, na anashukuru kwamba binti yake alijaribu kuirekebisha. Kanisa zima likasema Amina. Nilikuwa nimeketi safu ya pili, nikasema nami.