Kiti cha Babu Barazani

Usiku ule nililala na barua ya uteuzi chini ya mto, kama msichana aliyeandikiwa na mchumba. Nilikuwa nimeteuliwa mjumbe wa baraza la ardhi la wilaya, na kikao cha kwanza kilikuwa kesho yake saa nne. Ajenda ilikuwa moja tu: kuwahamisha watu wa bondeni ili shamba kubwa la chai lipanuliwe. Mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe kunibembeleza, akanywa uji wangu vikombe viwili, akanisifu. Nikaona haya kumwangusha.

Kwetu uteuzi si jambo geni. Babu yangu, mzee Selemani, wakati wa Mwingereza aliteuliwa na Gavana kuingia Baraza la Kutunga Sheria, lile la juu kabisa. Picha yake ya suti bado iko sebuleni, na kila mgeni lazima aonyeshwe, apende asipende.

Basi usingizini nikamwona. Niko ndani ya ukumbi ambao dari yake iko juu mpaka shingo inauma kuitazama. Babu amekaa kwenye kiti cha ngozi nyekundu, mgongo wima, viatu amevivua na kuvisukuma chini kwa sababu vinambana. Alifariki nikiwa darasa la tatu, na sasa naisikia harufu ya ugoro wake.

Roshani ya juu imejaa watu wa kwetu, wake kwa waume, kimya. Spika mwenye wigi jeupe anasoma karatasi ndefu, kisha anauliza, "Wanaokubali?"

"Ndiyo," anasema Babu kwa adabu.

Kule juu familia moja inainuka, inakunja mkeka wake, inatoka. Spika anasoma tena. Babu anasema ndiyo tena, na familia nyingine inabeba sufuria na jembe. Hakuna anayelia. Hilo ndilo lililonitisha, maana hata watoto waligeuka kumuaga Babu kwa heshima. Mara roshani ni tupu, na ukumbi umekuwa kilima chetu, nyasi kila upande, kiti chekundu katikati.

"Babu, mbona hukukataa?"

"Mjukuu wangu, mtu amenikaribisha kwake, amenipa kiti. Tangu lini mgeni akamkatalia mwenye nyumba? Nilidhani ndiyo adabu."

Anavitazama viatu vyake, havivai.

"Kumbe nyumba ilikuwa yetu. Mgeni alikuwa yeye. Nimekuja kulijua hilo nimeshazeeka."

Nikalia, nikamhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, kama wa mtu aliyetoka kuota moto.

"Simama, mwanangu. Mimi sikusimama hata siku moja."

Nilizinduka nimesimama kando ya kitanda, miguu kwenye sakafu ya baridi, kumeanza kupambazuka. Koo lilinikwaruza kwa kelele niliyopiga. Mume wangu alikuwa ameketi, shuka limemfika kidevuni.

"We mama, unamwambia nani hapana asubuhi yote hii?"

"Nafanya mazoezi," nikamjibu. "Kikao ni saa nne."