Mkongojo Niliopaka Nikeli Juu ya Kutu

Katika gacaca ya kilima chetu, pale tulipokaa kwenye majani kuhukumu walioua, mimi ndiye niliyekuwa nikitaja watu. Nilimtaja jirani aliyewaonyesha wauaji mlango wetu. Nilimtaja mwalimu aliyesoma orodha ya wa kuuawa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini sura za watu sikusahau, na sikumhurumia yeyote.

Kuna mmoja sikumtaja.

Miaka ile ya vita vya Congo nilifanya kazi Kamembe, kwenye karakana ya kupaka nikeli. Tulipaka usukani wa baiskeli, vitasa, vinara vya kanisa. Kazi yenyewe si ngumu kama mtu ana subira. Chuma unakiloweka kwanza kwenye asidi mpaka kutu yote itoke, kibaki kijivu kitupu. Ndipo unakitumbukiza kwenye pipa la nikeli na kuwasha umeme. Ukiiacha kutu ndani, nikeli itashika vibaya na kubaki na vitundu kama ncha ya sindano. Maji yakipita hapo, chuma kinaliwa upesi kuliko kama usingekipaka kitu. Juu kinang'aa, chini kinaoza.

Mama mmoja wa kilima chetu, aliyekatwa mguu mwaka ule wa mauaji, alileta mkongojo wa chuma aliopewa na masista wa kizungu. Kutu ilikuwa imeushika chini, karibu na kile kipira cha kukanyagia.

"Papa, mutoto wa dada yangu anaolewa Jumamosi," alisema. "Ni yeye tu alibakia. Uungarishe vizuri. Bale balinikata bakuwe bananiona kwa mbali."

Tukacheka, sisi wawili tu tulioweza kuchekea jambo hilo.

Asidi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa inatoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na siku zile risasi zililia kule, ndipo mpaka ukafungwa. Bosi wangu akasema, "Piga musasa, ingiza. Nikeli itafunika." Namtaja na yeye, bosi wangu. Lakini mkono ulikuwa wangu, na mimi nilijua. Nilipaswa kumwambia yule mama aende arusini na mkongojo wenye kutu. Sikumwambia. Nilitaka kuona anavyofurahi.

Misimu miwili ya mvua baadaye, mkongojo ulivunjika akishuka kutoka sokoni. Nyonga ikavunjika pia. Hakwenda tena sokoni. Nilipofika kumwona, alinipa kipande.

"Ona, papa. Juu bado inangaa."

Nikeli ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, ndani unga wa kahawia. Nikasema, "Ni chuma kibaya cha bazungu, maman."

Akanishukuru kwa kuja.

Gacaca ilipoanza, yule mama walimleta kwa machela. Siku moja mshtakiwa mmoja alikiri nusu, nami nikamkemea: "Kwa nini unaficha?" Niliposikia sauti yangu mwenyewe, nikakaa.

Jumapili nikaenda kwa yule mama. Alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote, asidi, msasa, bosi.

"Na ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Na bazungu uliwaingiza namna gani?"

Aliokota jiwe kwenye ungo, akalitupa nje.

"Utasema mbele ya batu," akasema.

"Maman, gacaca haihukumu mikongojo."

"Nayua. Sitaki bakufunge. Utasema tu, vile unasemaka ya bengine."

Nilimwahidi. Kikao kilichofuata walimweka mbele, akanitazama muda wote. Nilipoitwa nilisimama, nikamtaja mtu mwingine. Na yule mtu alikuwa na hatia kweli.