Mikorosho Tisa Pembezoni mwa Ruangwa

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumanne moja ya Oktoba, dada yangu Rukia alinipigia simu kutoka Lindi, anakofundisha shule. Alikuwa amepata kiwanja pembezoni mwa mji wa Ruangwa, na muuzaji alitaka alipwe kabla ya Ijumaa. Fedha yenyewe ilikuwa karibu akiba yake yote. Ingepotea, angestaafu bila nyumba. Mimi naishi Nachingwea, si mbali na huko.

"Kaka, nenda ukaone kwa macho yako," alisema. "Kwenye picha ya simu hata jalala linapendeza."

Saa moja na nusu niliwasha pikipiki. Nachingwea imekaa kwenye tambarare, na nyumba zake za pembeni zimechanganyika na mihogo, mbaazi na mikorosho kiasi kwamba mgeni hajui mji umeishia wapi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba au karibu na hapo hadi Aprili. Oktoba udongo mwekundu huwa vumbi tupu, na kila gari linalopita linakuachia sehemu yake. Nilikuta moshi wa watu wanaosafisha mashamba, na kila penye mikorosho palikuwa na harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha.

Kuelekea Ruangwa nchi huanza kupanda na kushuka, vilima vinakuwa vingi na mawe yanajitokeza. Kuchimba msingi kwenye mawe ni ghali, kwa hiyo mji unatafuta ardhi laini, na ardhi laini ndiyo iliyopandwa mikorosho. Shamba linakatwa vipande, linaitwa viwanja, na miti inabaki imesimama hadi mwenye kujenga afike.

Nilifika saa tatu kasoro. Muuzaji, Bakari, mtu wa umri wangu, alikuwa ananisubiri chini ya mkorosho.

"Karibu kaka. Maji hayasimami hapa. Yangesimama, hii mikorosho yote ingekufa."

Hapo alisema kweli. Niliazima jembe nikachimba pembe mbili: udongo ulikuwa wa kichanga hadi chini, na mteremko ulikuwa mdogo, unaopeleka maji barabarani. Mipaka ilikuwa wazi. Nilikuwa nimeshatoa simu nimwambie Rukia alipe, ndipo akaja mwanamke mwenye ndoo, akainama na kuanza kuokota korosho, akizitenganisha na mabibo bila haraka.

"Habari za asubuhi, mama," nikasema.

"Nzuri. Wewe ndiye mnunuzi?"

"Mnunuzi ni dada yangu. Ananunua kiwanja hiki."

"Hongera zake. Na hii mikorosho nimemuuzia lini?"

Bakari alikohoa. "Somoe, usianze."

"Sijaanza. Wewe ndiye umemaliza bila kuniambia."

Walikuwa ndugu wa mama mmoja. Mama yao ndiye aliyepanda mikorosho ile tisa. Alipogawa mali, miti alimpa Somoe na ardhi akampa Bakari. Kwetu hilo si jambo geni. Nyuma ya nyumba yangu mwenyewe kuna mikorosho miwili ya shangazi, naye huja kuokota bila kubisha hodi. Lingekuwa shamba, ningeuliza miti ni ya nani kabla ya salamu kwisha. Lakini niliambiwa kiwanja, nikapima udongo na mteremko, miti nikaiona kama kivuli tu.

Bakari alinivuta pembeni. "Kaka, lipeni tu. Mkishakata, atalia wiki moja, atanyamaza."

Nilimpigia Rukia, nikamweleza habari ya Somoe, kisha nikaweka simu kwenye spika wote wasikie.

"Dada Somoe," Rukia akasema, "hiyo miti inakupa nini hasa?"

"Inanipa sare za watoto, salfa ya kupulizia miti mwakani, na adabu kwa huyu kaka yangu."

Rukia alicheka. "Utaniuzia?"

"Minne ya katikati nakuuzia, upate pa kujenga. Mitano ya mpakani hapana. Na ule mkorosho mkubwa, ukuta wa nyumba usiukaribie, mizizi yake inafika mbali."

"Basi nalipa mara mbili."

"Unanunua vitu viwili, dada. Kaka yangu kakuuzia kimoja."

Bakari alikataa kupunguza bei hata kidogo. Tukachomeka vijiti ardhini kupanga upya nyumba aliyoichora Rukia. Nyumba ikageuka kuelekea mashariki, na vyumba viwili vya kupangisha alivyovitaka Rukia vikakosa nafasi. Mchana tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikaandikwa mikataba miwili, mmoja wa ardhi na mmoja wa miti. Ndani yake Somoe alibaki na haki ya kuingia kuokota kwenye ile mitano.

Saa tisa nilianza kurudi. Jua lilikuwa kali na upepo wa moto, nikasimama mara mbili kunywa maji. Pembezoni mwa miji yetu udongo, mteremko na njia ya maji vinasomeka asubuhi moja ukiwa na jembe. Mwenye mti hasomeki. Lazima aulizwe, na aulizwe yeye mwenyewe. Rukia alipata kiwanja chake, chenye nyumba ndogo kuliko aliyoichora, na kwa ile mikorosho minne akatoa shilingi laki tatu na elfu sitini ambazo hakuwa amezipanga.