Lori la Tani Kumi na Jiwe la Mwisho

Aliyembandika jina la Tani Kumi hakumbukwi tena, lakini jina lilimganda. Maisha yake yote ya kazi aliendesha malori ya watu, ya saruji, ya mbao, ya mitungi ya gesi, na kila mlango aliowahi kuufungua ulikuwa umeandikwa jina la tajiri fulani kwa herufi kubwa. La kwake halikuandikwa popote isipokuwa kwenye leseni. Siku ya kustaafu, kampuni ilimpa mkono, maneno matamu na saa ya ukutani. Saa yenyewe haikukaa sana ikagoma. Aliipeleka kwa fundi saa wa mtaa wa pili akiwa amenuna, akarudi nyumbani bila saa, meno yote nje.

Alichokiona huko kilikuwa juu ya rafu, katikati ya saa za mezani: lori dogo la rimoti, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, lenye matairi manene na shokapu nne za kweli. Fundi Saa alilishusha sakafuni, akaliwasha, likapanda juu ya sanduku la vifaa taratibu, gurudumu moja baada ya jingine, likipapasa kwanza ndipo likanyage. Tani Kumi alisahau saa, akasahau na kofia yake juu ya kaunta. Kwa wiki nzima nyumbani hapakuwa na habari nyingine, mpaka binti yake akachoka kusikiliza, akamnunulia la kwake, la bei ya chini, lenye bodi nyekundu ya plastiki. Alidhani baba atalichezea siku mbili tatu kisha aliweke dirishani kama pambo. Binti wa watu hamjui baba yake.

Jumapili asubuhi, Fundi Saa na wenzake wachache hukutana kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nyuma ya gereji, na Tani Kumi akajiunga nao. Sheria ya pale ni moja. Jiwe ambalo halijapandwa halina jina. Atakayelifikisha lori lake kileleni kwa mara ya kwanza, bila kuligusa kwa mkono, ndiye atakayelipa jiwe jina, na jina litaandikwa kwa rangi nyeupe. Fundi Saa alikuwa na mawe yake, na hata kinyozi wa kundi lao, ambaye lori lake hupiga chafya kuliko linavyotembea, alikuwa na kijiwe chake. Tani Kumi hakuwa na hata changarawe. Na lilikuwa limebaki jiwe moja tu, kubwa kuliko yote, lenye uso uliosimama kama ukuta uliochoka kidogo. Alilitaka jiwe lile mpaka akaliota. Alitaka jina lake liandikwe mahali ambapo mvua itahangaika kulifuta.

Hapo ndipo meza ya kulia chakula ilipotekwa nyara na lori na vipuri vyake. Mkewe, ambaye watu wote humwita Dobi kwa sababu alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali mpaka naye akastaafu, alihamishia sahani kwenye stuli na kuanza kulia chakula magotini. Hakununa, ila ulimi wake haukulala. Aliwaambia majirani kwamba ameolewa mara ya pili, na kwamba bwana huyu wa pili ananuka grisi kuliko wa kwanza.

Na kweli alinuka, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu siku alipokabidhiwa usukani kwa mara ya kwanza. Aliagiza mota yenye nguvu. Kifurushi kilipofika alikifungua akiwa bado mlangoni, mleta vifurushi hajageuka. Mota ikavuta vizuri mno, ikasaga gia za plastiki zikawa unga. Akaagiza gia za chuma. Gia za chuma zikakataa kuvunjika, basi ikavunjika shafti. Akaagiza shafti ya chuma, na sasa matairi yale magumu ya dukani yakawa yanateleza juu ya jiwe huku mota inanguruma bure. Akaagiza matairi laini, ukiyabonyeza yanabonyea kama shavu la mtoto. Kila alipoponya ugonjwa mmoja alifunua mwingine, na kila ugonjwa ulimpa sababu ya kuagiza kipuri, na kila kipuri kilimpa sababu ya kuamka mapema. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikuwa akipiga mluzi.

Kipuri cha mwisho kilikuwa cha shaba: bangili nene, nzito, za kuvalishwa ndani ya rimu ili lori liwe na uzito chini. Zilikuja mbili, kwa magurudumu mawili. Hapa Tani Kumi hakuhitaji kusoma maelekezo. Alikuwa amepanda milima na saruji mgongoni, na alijua kwamba lori tupu huteleza na lori lililobeba hukanyaga. Mzigo hukaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Akazivalisha bangili nyuma, akasogeza na betri nyuma, akakaza nati kwa kijispana, akajisifu kwa sauti.

Jumamosi ikaja habari kwamba Fundi Saa naye amepokea matairi mapya. Jumapili iliyopita lori lake liliteleza zikiwa zimebaki inchi chache tu kufika kileleni. Kwa matairi mapya, jiwe lile lilikuwa lake, asipotanguliwa. Asubuhi yake Tani Kumi alikuwa mlangoni na lori lake kabla chai haijachemka. Dobi akajitupia mtandio na kusema naye anakwenda, akaone kitu gani kimekula meza yake.

Machimboni walipiga kura, kura ikamwangukia Tani Kumi atangulie. Lori jekundu lililikabili jiwe, likang'ata, likapanda, na kinyozi akaanza kushangilia. Lilipofika katikati, pale jiwe linaposimama zaidi, pua ikanyanyuka. Magurudumu ya mbele yakaacha jiwe, yakazunguka hewani, na lori likabinuka kinyumenyume, likaja chini chali, miguu juu.

Fundi Saa akafuata. Matairi yake mapya yaling'ang'ania kama ruba, lori likapita katikati, likapita alama ya Jumapili iliyopita, likafika pembeni kabisa mwa kilele, kisha likaserereka taratibu hadi chini. Hakulaani. Aliinama tu na kuanza kupunguza upepo wa matairi, na kila mtu alielewa kwamba zamu ijayo atafika.

Tani Kumi alijaribu tena, kwa mwendo mdogo zaidi. Pua ikanyanyuka palepale, lori likaanguka vilevile. Ndipo Dobi, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwita pembeni.

"Mzee, umepakia nyuma."

"Lori hupakiwa nyuma, Mama."

"Mimi nimesukuma vigari vya mashuka yaliyolowa kupanda ule ujia wa mwinuko wa kwenda wodini maisha yangu yote. Ukiweka mzigo nyuma, kigari kinanyanyua pua na kukurudia kifuani. Mzigo unawekwa mbele, ndipo kinapanda."

Alimjibu kwamba hili ni lori, si kigari cha mashuka, na alijibu vibaya, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba watu wanasikia. Dobi alirudi kwenye ndoo yake. Tani Kumi alibaki amelishika lori mikononi, akiyatazama yale magurudumu ya nyuma yenye shaba inayong'aa, akisikia upepo ukitoka kwenye matairi ya Fundi Saa. Mlima aliokuwa akiupanda na saruji ulikuwa na barabara. Hakuna aliyewahi kumpandisha ukutani.

Akapiga magoti palepale kwenye kokoto. "Mama, njoo unishikie nati."

Dobi alikuja mbio kuliko magoti yake yanavyomruhusu. Alikinga ncha ya mtandio, nati zikaingia humo, na bangili zikahama kutoka nyuma kwenda mbele, na betri ikasogezwa mpaka ikagusa pua. Fundi Saa, ambaye angeweza kudai zamu yake, alijifanya anafuta miwani. Watu wa namna hiyo ni wachache, na Tani Kumi alimtania kwa hilo baadaye badala ya kumshukuru.

Lori jekundu likalikabili jiwe mara nyingine. Lilipofika katikati, Dobi alifumba macho, akafumbua. Pua ilitikisika, ikakaa. Magurudumu ya mbele yalikandamiza jiwe kwa uzito wake, yakavuta, ya nyuma yakafuata bila ubishi. Kwenye ukingo wa juu gurudumu moja likachungulia, likapapasa hewa, likapata mahali. Lori likajivuta zima zima na kusimama kileleni, likiangalia upande wa pili kama lina safari.

Tani Kumi, mzee mwenye mgongo mbovu, aliruka. Aliruka kweli, miguu yote miwili ikaacha ardhi, na kinyozi akamdaka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawakumbatia wote, akamkumbatia na Fundi Saa, ambaye tayari alikuwa ameshika kopo la rangi na brashi.

"Haya, Tani Kumi. Andika kubwa, hili jiwe lina nafasi."

Alipiga magoti mbele ya jiwe. Jina lake alikuwa ameliandika kichwani mara nyingi, alijua hata litaanzia wapi. Brashi ilipogusa jiwe akamkumbuka mkewe akirudi kutoka kazini zamani, vidole vimekunjamana kwa maji, akimwonyesha kwa mzaha shuka moja bovu alilopewa: kila pembe muhuri wa hospitali. Mikono ya nani ililifua, halikusema. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa, kisha akasogea pembeni.

Dobi alisoma jina lake mwenyewe. Akajifuta macho kwa mtandio, nati moja iliyosahaulika ikadondoka.

"Kwa hiyo kila Jumapili mtakuwa mnanipanda na matairi yenu?"

"Ndiyo, shemeji," alisema Fundi Saa. "Ndiyo sheria."

"Basi waambie wenzako. Atakayenijia na mzigo nyuma, nambwaga."