Barabara ya Mfereji na Sindano ya Fabiano

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Singe alichoma kinyesi kikavu cha tembo kufukuza mbu, na moshi wake ukaingia jikoni kwangu bila hodi.  Niliacha sufuria ya maharage motoni, nikatoka nje na kusimama upande ambao upepo haukuufikisha moshi ule. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini harufu hiyo ikinifikia narudi Sigino, kijiji nilichokulia, siku mdogo wangu Fabiano alipopatwa na degedege.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo. Baba alikuwa fundi uashi, na kwa kuwa majengo yalikuwa yanaota kila kona mjini Babati, alitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, saruji imemganda kwenye nyusi. Barabara kubwa ilijaa malori ya mchanga na nondo. Mama, aliyejifunza kuendesha baiskeli ukubwani, aliapa kwamba barabara ile hataikanyaga kwa magurudumu mawili. Yeye barabara yake ya kwenda mjini ilikuwa ya mfereji.

Waliochimba mfereji wa kumwagilia mashamba walimwaga changarawe juu ya tuta lake ili wapate pa kupita wakati wa kuusafisha, kisha wakasimika vyuma viwili mwanzoni ili gari lisiingie. Basi tulipita sisi watu, punda na baiskeli. Upande mmoja maji, upande mwingine mahindi na mbaazi, na kwa mbali mlima Kwaraa umejifunika mawingu. Changarawe ililia chini ya matairi kama mtu anayetafuna bisi. Mama alishika usukani kwa nguvu kana kwamba ni pembe za fahali. Kupanda alihitaji kichuguu cha kukanyagia. Kusimama ilikuwa habari nyingine kabisa, maana breki hakuziamini. Aliingia kwenye majani na kusubiri baiskeli ichoke yenyewe. Baba alimtania kwamba siku majani yakikosekana atajikuta Arusha.

Nilizipenda sana safari zile, na sikujua kama barabara ileile inaweza kutisha.

Fabiano alikuwa hajatimiza mwaka. Alilala na homa usiku kucha, na alasiri, akiwa mapajani mwa Bibi, macho yaligeuka juu, mwili ukakakamaa, mikono ikaanza kurukaruka. Bibi, mama yake Baba, hakupiga kelele. Alimlaza juu ya ngozi, akaleta kipande cha kinyesi cha tembo alichokihifadhi darini, akakiwasha na kumfukiza. Nyumba nzima ikawa moshi. Kwetu degedege haikuwa ugonjwa wa hospitali. Ililetwa na ndege mbaya anayepita juu ya nyumba, na ndege huyo hufukuzwa kwa moshi na mizizi. Jambo moja lilikatazwa kabisa, nalo lilijulikana hata na sisi watoto: mtoto mwenye degedege asichomwe sindano. Ikipenya tu, anakata roho.

Lisemwalo lipo, na mimi niliamini. Mtoto wa jirani yetu alipelekwa hospitali na degedege, akachomwa, akarudishwa amefunikwa kitenge. Hakuna aliyeuliza alikaa kwenye moshi siku ngapi kabla ya kupelekwa.

Mtukutiko ukapoa, halafu ukarudi mkali zaidi. Bibi akajifunga shuka lake lubega.

"Naenda ng'ambo ya bonde kuchukua mizizi," alimwambia Mama. "Usimtoe kwenye moshi. Umesikia, Mama Yasinta?"

"Nimesikia, mama."

Yasinta ndiye mimi. Nilimwona Mama amesimama mlangoni mpaka Bibi alipopotea nyuma ya mbaazi. Kisha akageuka, akamfunga Fabiano mgongoni kwa kanga, akasema kwa sauti ndogo sana, "Lete baiskeli."

Sikuuliza tunakwenda wapi. Nilijua ni hospitali, kwenye sindano. Alipanda kwa kichuguu cha karibu na zizi, mimi nikadandia keria nyuma yake, na kichwa cha Fabiano kikawa mbele ya pua yangu kabisa.

"Mwangalie," Mama alisema. "Uniambie kama anapumua."

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Sijawahi kupewa nyingine nzito kama hiyo.

Mama hakuwahi kuendesha vile. Changarawe ziliruka zikitumbukia kwenye maji. Jua lilikuwa limeshuka na vivuli vya mahindi vimelala juu ya njia, na hapakuwa na mtu. Siku nyingine ule ukimya ulikuwa raha yetu, hakuna honi, hakuna vumbi la malori. Siku ile niliuogopa. Nilitamani lori moja tu, hata la mchanga, lenye mtu mzima ndani yake.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Sasa hivi?"

"Anapumua, Mama."

Nilijibu hivyo hata pale nilipokuwa sina hakika, kisha nikaweka kiganja puani mwake na kusubiri kile kijoto. Kilikuja kwa kuchelewa. Nami niliogopa mambo mawili yasiyopatana: niliogopa tusifike, na niliogopa kufika. Kila mti tulioupita ulitusogeza karibu na sindano. Moyoni nilimwomba Mungu baiskeli ipate pancha, halafu nikamwomba haraka asinisikilize.

Tulipokaribia nusu ya njia, Mama aliingiza baiskeli kwenye majani ghafla, tukaanguka wote kwa ubavu. Mbele yetu tuta lilikuwa limekatwa. Ilikuwa zamu ya maji ya Mzee Tluway, na alikuwa amefungua mtaro mpana katikati ya njia, maji yanakimbilia shambani kwake. Zamu ya maji kwetu ilikuwa kitu kikubwa. Watu waliisubiri juma zima, na mtu aliyeigusa zamu ya mwenzake aliitwa mbele ya wazee. Yeye alikuwa amesimama na jembe, maji yamemfika magotini.

"Shikamoo, mzee," Mama alisema, akihema. Hata siku ile hakusahau.

"Marahaba. Kuna nini?" Akasogea, akafunua kanga, akamwona Fabiano. Uso wake ukabadilika. "Hii ni degedege. Unampeleka wapi?"

"Mjini."

"Mama Yasinta, watamchoma! Unampeleka mtoto akauawe? Mama mkwe wako anajua?"

 Mama alikuwa ameshaanza kuvua kandambili avuke. Mzee alimtazama, akatazama maji yake, akaguna. Kisha akatupa jembe, akainua baiskeli begani na kuivusha. Akarudi akanibeba mimi. Akamshika Mama mkono mpaka ng'ambo, na akamshikia baiskeli apande, kwa kuwa hapakuwa na kichuguu.

"Mimi sikukushauri," alisema. "Uwe shahidi, Yasinta. Sikumshauri." Lakini aliisukuma baiskeli ile huku akikimbia nyuma yetu mpaka pumzi ikamwishia.

Baada ya hapo Fabiano akalegea. Mikono iliyokuwa ikirukaruka ikaning'inia tu. Mama akauliza, "Anapumua?" nami nikaweka kiganja puani mwake, kijoto hakikuja. Akauliza tena kwa ukali, baiskeli ikayumba kuelekea majini. Ndipo nikasikia pua yake ikikoroma kidogo, nikapiga kelele, "Anapumua!" mpaka ndege wakaruka kwenye mahindi.

Hospitalini muuguzi alimpokea mikononi kabla Mama hajamaliza kueleza. Nilipoona bomba la sindano nilimshika yule muuguzi sketi. "Msimchome! Atakufa, msimchome!" Nililia kwa nguvu zangu zote. Mtu mmoja akanibeba nje, akaniketisha kwenye benchi, nami nikakaa pale nikimlilia mdogo wangu kama marehemu. Mama alitoka, akakaa karibu nami, akatazama ukuta. Hakunibembeleza. Nilidhani amenikasirikia.

Taa zilipowashwa, tulisikia mtoto akilia ndani. Watoto wengi hulia hospitali, lakini Mama alisimama kabla yangu.

Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Siku tuliporudi nyumbani, Bibi alikuwa uani. Hakumsalimu Mama. Alimchukua Fabiano, akamvua nguo zote, akamkagua paja lenye alama ya sindano, akalibonyeza kwa kidole, akanusa utosi wake. Kisha akaketi chini palepale mavumbini akalia kwa sauti. Habari ya ndege haikuzungumzwa tena mbele yetu, ingawa kinyesi cha tembo aliendelea kukihifadhi, alisema ni cha mbu.

Nilikua nikijua kwamba Mama alikuwa jasiri kwa sababu alijua tusichokijua. Aliishia darasa la saba, lakini niliamini alisoma mahali fulani, au alisikia redioni, kwamba Bibi amekosea. Niliisimulia hivyo kwa rafiki zangu, kisha kwa mume wangu. Mpaka mwanangu wa kwanza alipozaliwa, Mama akaja kunitunza, na siku moja tukiwa tunachambua mbaazi nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba sindano haiui.

Akashangaa. "Aniambie nani?"

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua," alisema. "Niliamini kama Bibi yako. Nilijua nampeleka akafe."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda.

Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa hilo.

"Pale ndani alikuwa anakufa, na mimi nimekaa," alisema. "Nikaona kama ni kufa, afe na mimi nakanyaga pedeli."