Wakili Kemunto na mtoto aliyekataa mahakamani

Saa moja kasoro robo asubuhi. Kemunto Onsare anachemsha chai ya maziwa kwenye jiko dogo la umeme nyuma ya meza yake, kama kila siku kabla ya kufungua ofisi. Tangawizi ndiyo kwanza inaanza kunukia, mara mlango unagongwa kwa kiganja. Anakimbilia kufungua; nyuma yake chai inafurika hadi sakafuni.

Jocelyne, msusi wa Lubumbashi aliyepanga chumba cha pili, anamchokoza kupitia ukutani, akimwita wakili kwa Kifaransa: "Maître! Wenzako wa Sandton wanamwaga divai, wewe unamwaga chai!"

Leo Kemunto hacheki. Mlangoni amesimama Kidawa Mwadini, mshonaji wa sare za shule, na nyuma yake Bushra, mwenye miaka kumi na mitatu, visikilizio vya simu masikioni.

Kemunto, mzaliwa wa Kisii, ni wakili wa kesi za kuasili watoto. Alikuja Johannesburg kusomea sheria, akaajiriwa Sandton, mtaa wa matajiri, kuandika mikataba ya makampuni. Mwaka wa sita, mama aliyefagia ofisi yao alimwomba amsindikize mahakama ya watoto, kwa ajili ya yatima aliyemlea. Walishinda.

"Yule mtoto alinishika kidole mpaka nje," anakumbuka. "Nikadhani kazi yenyewe ndiyo hiyo."

Akaacha ajira, akapanga chumba hiki mtaa wa Bellevue. Mwaka jana alifungua kesi kumi na tisa. Zilizofika mwisho ni nne. Nyingine zimekwama kwa vyeti visivyopatikana na wazazi wasiojulikana walipo. Kipato chake hakifiki robo ya mshahara wa zamani. Kampuni ya Sandton imemwita arudi, na safari hii hajakataa.

"Nimechoka kuwaambia watu wasubiri," anasema. "Kabla sijaondoka, natamani japo mmoja atoke hapa na mtoto wake."

Mmoja huyo alikuwa Kidawa. Mama mzazi wa Bushra, Tumu, aliishi naye chumba kimoja mtaa wa Joubert Park, akafariki mtoto angali mchanga. Baba, Karimu, hajulikani alipo. Shehe alimwonya Kidawa kwamba jina la baba lisifutwe. Kemunto akaomba libaki, akakubaliwa.

Lakini sheria ya huku inamtaka mtoto aliyefikisha miaka kumi akubali mwenyewe mbele ya hakimu. Kila Kemunto alipouliza kama Bushra ameshaambiwa, Kidawa alijibu, "Anajua, wakili."

Jumanne, hakimu alipomuuliza, Bushra alicheka. Akauliza ataasiliwaje na mama yake mwenyewe. Kisha akamtazama Kidawa usoni, kicheko kikamkauka. Akasema hataki.

Leo saa nne wanarudi. Akikataa tena, hakimu atafunga jalada, na Bushra, ambaye hana cheti chochote, huenda akapelekwa kwenye makao ya watoto.

"Mama Bushra, umemwambia?" Kemunto anauliza kwa sauti ya chini.

"Jana nilipika pilau ili nimwambie. Tukala, nikaosha vyombo." Kidawa anavuta ushungi. "Mwambie wewe, mwanangu. Wewe umesoma."

"Nimesomea ya mahakamani, mama. Hili sikufundishwa."

Bushra anakisikia Kiswahili vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Bila kuinua kichwa, anauliza aambiwe nini.

Kemunto anazima jiko, anatia jalada mkobani polepole, kama mtu anayekusanya vitu vya marehemu.

Ndipo Kidawa anapopiga magoti mbele ya kiti cha mtoto. Anamtoa kisikilizio kimoja, kisha cha pili.

"Mimi sikukuzaa, Bushra. Aliyekuzaa ni Tumu, rafiki yangu, na Mungu alimchukua wewe hujajua hata kucheka. Alinipa wewe kwa mikono yake. Nimenyamaza miaka yote hii nikiogopa utaniita shangazi. Yeye nilimkubalia. Leo nakuomba wewe: nikubalie niwe mama yako."