Mahari ya Kukhu

Juzi nilirudi nyumbani kumzika Askofu. Usinipe pole, rafiki yangu, sikuenda kulia. Shule ninayofundisha hapa Bungoma ilitaka mtu wa kuiwakilisha, na mimi nilitaka kuona kwa macho yangu pale walipochimba. Kwetu ni kati ya Kiminini na Ndalu, mahindi kushoto, mahindi kulia. Nilikuta hema jeupe, viti vya plastiki, mapadri safu kwa safu, na kaburi limepigwa vigae ndani kwa ndani. Nilisimama pale pembeni nikashindwa hata kufanya ishara ya msalaba. Walikuwa wamechimba mahali pa Kukhu.

Kukhu ni nyanya kwa lugha ya kwetu, na huyo wangu ndiye aliyenilea. Ardhi yote unayoiona pale, ya kanisa, ya shule, ya nyumba ya mapadri yenye maua mlangoni, ilikuwa shamba lake yeye na mumewe. Askofu hakuwa mtoto wake wa kuzaa. Alikuwa mtoto wa jirani aliyefiwa na mama mapema, akawa anakula kwetu, akazoea, akabaki. Kukhu alimpikia ugali wa wimbi na murere uliotiwa magadi ya majivu, ile mboga inayoteleza hadi unaifukuza na tonge. Hata alipoenda seminari, kila likizo alikuwa anabisha mlango wa Kukhu kabla ya mlango wa babake.

Mimi nilipopata akili alikuwa tayari padri kijana. Namkumbuka uani, kanzu ameitundika kwa msumari, amevaa gambuti, anapiga gunia la mahindi kwa rungu mpaka punje zinaruka, na Kukhu anamfokea kwamba anawalisha kuku. Tulimpenda, nisikudanganye. Tulipenda hata misa yake. Kwetu l na r zinabadilishana viti zinavyotaka, na yeye alikuwa wetu kabisa: alisema "tusari", alisema "mwanga wa mirere", na akina mama wakaitikia bila kuona kosa lolote, maana hata wao wangesema hivyo hivyo.

Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo. Kila Jumamosi Kukhu alisinga sakafu kwa mavi ya ng'ombe, nami nikimletea maji kutoka mtoni kwa mtungi wa plastiki uliokuwa unanivuja shingoni. Kengele ilikuwa ringi ya trekta iliyoning'inizwa nje, na katekista aliigonga kwa chuma, mara tatu polepole kisha haraka haraka, ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Nikisikia harufu ya sakafu mbichi hata leo, naona Jumapili inakuja.

Padri aliposema anataka kanisa la mawe, Kukhu alitoa shamba la kando ya barabara. Wanawe walinung'unika, lakini aliwanyamazisha. Alikuwa na sharti moja tu. Kaburi la mumewe lilikuwa ndani ya shamba hilo, naye alitaka siku yake ikifika alazwe kando yake. Nilikuwepo siku ya kupima, nimeshika ncha moja ya kamba ya katani. Padri mwenyewe alichomeka kijiti kando ya kaburi, akamshika Kukhu mkono.

"Kukhu, mahari yako iko hapa," alisema. "Karibu na mzee. Hakuna mtu ataigusa."

Alisema mahari, sote tukasikia mahali. Nani angesikia kingine?

Kisha akaenda Roma kusoma, akakaa miaka, akarudi akafanywa askofu wa jimbo la mbali, kule kwa joto. Habari ilipofika, Kukhu alikuwa anasonga ugali. Alilia huku anasonga, hakuacha mwiko. Lakini muda si mrefu wakaja watu wenye karatasi, wakapima tena, wakasema Askofu anataka kujenga ukumbi mkubwa upande ule wa kaburi. Kukhu akaniita niandike barua.

Nilikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa Kiswahili, na kiburi changu unakijua. Wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha maneno ya harusi: posa, mahari, fungate. Kukhu alisema, nikaandika kama alivyosema: "Baba Askofu, mimi mama yako nakusalimia sana. Nilitoa shamba yangu na roho safi. Sasa nimezeeka. Usisahau mahari yangu, vile ulisema." Angesema "mahali pangu", ile pa ingetuokoa. Lakini kwetu kila kitu ni yangu. Niliandika mahari kwa mwandiko mzuri, nikaona fahari kwamba neno ninalijua.

Askofu alikuja kwa misa ya shukrani. Kukhu alikuwa amekwenda Kitale kununua kitambaa cha kichwa kwa Mhindi mmoja mwenye kilemba, mzee mpole aliyemkunjia kwa karatasi akamwambia, "Mama ya Askofu lazima apendeze." Siku ya misa Kukhu akakaa kiti cha mbele. Mimi nyuma yake, na wanakwaya.

Kiswahili cha Askofu kilikuwa kimeoshwa. Kila l ilikaa mahali pake, kila r pake. Katikati ya mahubiri alitoa barua yangu kwenye kanzu, akaisoma yote, neno kwa neno, kisha akatabasamu. "Ndugu zangu, niliapa sitaoa. Na bado, oneni, nadaiwa mahari!"

Kanisa likacheka. Walicheka mapadri, wakacheka waheshimiwa wa kiti cha mbele, hata katekista aliyekuwa anakula kwetu kila Pasaka. Kukhu alicheka pia, lakini wa mwisho, akiangalia nyuso za watu ajue kimechekwa nini. Kisha mtu akamwelezea sikioni. Nilimwona akishusha kile kitambaa kipya hadi kwenye nyusi.

Baada ya misa tulipanga foleni ya kubusu pete. Nilijua kosa ni langu na nilitaka kulitengeneza. Nilipopiga magoti nikasema, "Baba Askofu, mimi ndio niliandika vibaya. Si mahari. Ni mahali. Pale kwa mzee."

Akainama, ananukia marashi, na akanijibu chini kwa chini, kwa ule mdomo wake wa zamani.

"Najua, mama. Rakini pale tunajenga."

Akampa mkono mtu aliyenifuata. Sijawahi kumsamehe ile rakini. Angeniambia kwa Kiswahili cha Roma pengine ningeamini kwamba alikuwa amesahau. Alikuwa hajasahau chochote.

Sikumwambia Kukhu. Ningeanzaje? Kumwambia kwamba mtoto aliyemlisha alimfanya achekwe na watu kwa makusudi, ili asilazimike kumkatalia ana kwa ana? Na huko soko la Ndalu jina likamshika. "Mama Mahari, bado hawajalipa?" wachuuzi walimtania, bila ubaya, vile watu hutania. Akaacha kiti cha mbele, akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Halafu akaanza kujifunza. Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Jioni tukichambua murere jikoni alikuwa ananiambia, "Hebu nifundishe tena." Nami nasema la, naye anasema ra. Nasema weka ulimi nyuma ya meno, naye anaushika ulimi kwa kidole, vidole vimejaa maji ya mboga, ananiuliza, "Ati hapa?" Mwanamke aliyelea watoto wanane, anashika ulimi wake mwenyewe kama wa ndama. "Akikuja tena nitamwambia vizuri," alikuwa anasema. "Ni mdomo wangu uliharibu." Na mimi niliyejua nilikaa pale nikamsahihisha.

Siku moja alilipata. Mahali. Akalirudia kutwa nzima, akichota maji, akifukuza kuku. Askofu hakuja. Kukhu alikufa mvua ya masika ilipoanza, tukamzika ng'ambo ya barabara, kwenye kipande cha mjomba, kando ya ua ambapo ng'ombe hupita kwenda mtoni.

Na ule ukumbi, unajua? Haukujengwa. Miaka yote hiyo palikuwa nyasi tu, wanafunzi wakianikia sare zao. Juzi padri alisoma wosia wa Askofu kwa kipaza sauti: asizikwe kwenye kanisa kuu la jimbo lake, azikwe nyumbani, "pale karibu na mzee aliyenilea". Watu wakapiga makofi kwa unyenyekevu wake. Kukhu hakutajwa. Katekista wetu, sasa mzee wa mkongojo, akaombwa afunge kwa sala, akasema kwa sauti ile ile ya zamani, "Bwana amraze mahari pema."

Mimi hulipwa kusahihisha neno hilo. Hulizungushia wino mwekundu kila muhula, na watoto hunisikia nikisema ulimi nyuma ya meno. Siku ile sikusahihisha kitu. Niliacha pilau yao, nikapita chini ya ile kengele yao mpya ya umeme, nikavuka barabara. Kaburi la Kukhu limezama, mahindi ya mjomba yamelisogelea mpaka mstari wa mwisho umepandwa juu ya miguu yake. Niling'oa mabua mawili matatu, nikakaa chini na nguo zangu za msiba, nikamwambia kile nilichomnyima jikoni.

"Kukhu, ulisema vizuri. Mara ya kwanza kabisa ulisema vizuri. Alikusikia."